Joviana Kokuberwa, Aliyetenganisha Mvua na Mapigo ya Moyo

Baba Paroko na mapadre mliofika, viongozi wa kijiji na wa mtaa, wana ukoo wa Kishanda na wa Kaagya, majirani wa Hamugembe, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, wakunga mliokuja na sare zenu kwa kuwa mmetoka zamu moja na mnawahi nyingine, familia inawakaribisha muisikilize historia ya Joviana Kokuberwa Rugaibula, ambayo amekabidhiwa mdogo wake, Mwijage, aisome. Historia hii, isipokuwa maneno ya mwishoni, iliandikwa na familia mwezi uliopita, na marehemu mwenyewe aliikagua akiwa kitandani, kwa kalamu nyekundu, akasahihisha tarehe nne, akakata maneno "alikuwa mpole" na kuandika pembeni kwamba jambo hilo halijathibitishwa, akaagiza pia kwamba sehemu ya mashine isisomwe kwa sauti ya kilio, kwa hiyo mkisikia msomaji anachangamka msishangae, anatii amri.

Joviana alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, kijijini Kishanda, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Rugaibula, mkulima wa kahawa na migomba ambaye ametangulia, na Ma Paskazia, ambaye tunaye hapa mbele. Ma Paskazia anasimulia kwamba mtoto huyu alipotumwa maji hakuwa na haja ya kuchungulia ndoo kuona kama imejaa, alikuwa akisikiliza tu, kwa sababu maji yanapopanda na sauti ya ndoo hupanda, na wakati wenzake wanajimwagia maji miguuni yeye alikuwa ameshaiondoa ndoo yake ikiwa imebakiza vidole viwili, akiwacheka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari ya wasichana hapa mkoani kuanzia 1986 hadi 1989, kisha mwaka 1990 akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi Arusha kusomea umeme, katika darasa la wanafunzi arobaini na mmoja ambamo wasichana walikuwa watatu. Wapo wazee waliokwenda kumuuliza mzee Rugaibula kama kweli anampeleka binti akapande nguzo za umeme, naye, akiwa anachambua kahawa na bila kuinua kichwa, akawajibu kwamba nguzo haijawahi kumuuliza mtu anayeipanda ni mtoto wa kiume au wa kike. Alihitimu mwaka 1993 akiwa fundi sanifu, na tarehe 1 Februari 1994 akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Bukoba, alikofanya kazi kwa miaka ishirini na minne, akawa ndiye mtu anayeitwa kila mashine inapokataa, na michoro yake ya nyaya, iliyochorwa kwa penseli na rula, bado imebandikwa kwenye milango ya makabati ya umeme kiwandani mpaka leo.

Tarehe 12 Julai 1997, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Ta Avit Kahangwa wa hapa Kaagya, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alifika kiwandani na wanafunzi wake kwa ziara ya masomo, akauliza swali ambalo fundi huyu alilitangaza mbele ya watoto kuwa la kijinga, akarudi wiki iliyofuata peke yake akiwa na swali lingine. Walipanga nyumba Hamugembe, baadaye wakajenga yao huko huko, kati ya migomba, na Mungu akawajalia watoto watatu. Wa kwanza, Evelyne, alizaliwa tarehe 20 Novemba 1998. Wa pili, Karugendo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 2002, na hapa familia inaomba tusimame kidogo, kwa kuwa asiyeijua siku hiyo hataielewa historia iliyobaki.

Joviana alikuwa amekwenda Kishanda kwa mama yake kungojea siku zake, uchungu ukamwanza wiki mbili kabla, wakampeleka kwenye zahanati ya karibu, na mvua ya masika ikaanza kupiga bati lile kwa namna ambayo watu wawili waliosimama bega kwa bega walilazimika kupaza sauti ili wasikilizane. Mkunga, mama mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliinama na pembe yake ya mbao, ile inayofanana na tarumbeta ndogo, upande mmoja tumboni kwa mzazi na upande mwingine sikioni kwake, akainuka, akainama tena, akasema, "Mwanangu, sisikii kitu, mvua imeniziba masikio," akangoja ipungue, nayo haikupungua kwa muda wa saa moja na nusu, na ilipopungua aliinama mara ya tatu akakuta kimya. Karugendo alizikwa Kaagya siku iliyofuata. Joviana hakumlaumu mkunga yule hata siku moja, alimtembelea kila Krismasi mpaka mama huyo alipofariki, na mtu alipotaka kumchochea alimkatisha akisema kwamba mama yule alifanya yote ambayo sikio la binadamu linaweza kufanya. Wa tatu, Annastella, alizaliwa tarehe 2 Juni 2005, mjini, siku ya jua kali, na baba yake anakumbuka kwamba mzazi alikuwa analitazama paa zaidi kuliko alivyomtazama daktari.

Sasa tumefika kwenye sehemu aliyokataza kuililia.

Siku ya Jumatano, tarehe 16 Machi 2011, kiwandani alifika mhandisi kijana kutoka Dar es Salaam, jina lake Riyadhi, aliyetumwa kutafuta sababu ya mashine kubwa ya kukoboa kuvunja beringi zake kila baada ya miezi miwili. Kijana alibandika ubavuni mwa mashine kidude kidogo kama kifungo cha koti, ambacho mafundi hukiita kihisi kwa sababu kazi yake ni kuhisi mtikisiko na kuugeuza kuwa umeme, akakiunganisha na kompyuta mpakato, na kwenye kioo ukatokea mstari unaorukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Joviana alikuwa amepewa kazi ya kushika tochi tu. Alijua, kwa jinsi alivyofundishwa chuoni na kuchoshwa, kwamba programu ya kompyuta huandikwa kwa maneno, mstari chini ya mstari, lakini pale kwenye kioo hapakuwa na mstari wa maandishi hata mmoja, palikuwa na visanduku vya picha, kimoja kinapokea umeme wa kihisi, kimoja kinaukuza, kimoja kinachuja, kimoja kinahesabu, na nyaya za rangi zimechorwa kutoka kisanduku hiki kwenda kile.

"Huu si mchoro wa umeme?" akauliza.

"Ndiyo programu yenyewe, mama," Riyadhi akamjibu, "ukishamaliza kuuchora, umeshamaliza kuiandika."

Kisha kijana akakivuta kisanduku kimoja kwa kidole, akakipachika katikati ya waya, akabonyeza, na katika spika za masikioni alizomvalisha Joviana ule mngurumo wa mashine ulioujaza ukumbi mzima ukatoweka, akabaki anasikia kitu kimoja tu, tik, tik, tik, beringi iliyopasuka ikilalamika peke yake.

"Mngurumo umeuweka wapi?"

"Nimeuchuja. Mngurumo una kasi yake na beringi ina kasi yake, mama, ukikiambia kichujio kipitishe kasi ipi, nyingine zote zinabaki nje."

Joviana alizivua spika masikioni. Halafu akauliza, "Na mvua?"

"Mvua gani?"

"Mvua ya kwenye bati. Inachujika?"

Riyadhi, ambaye hakujua anaulizwa nini, alicheka, akasema kwamba chochote chenye kasi tofauti kinachujika, na fundi wetu akaiweka tochi sakafuni, akatoka nje mpaka uani kwenye magunia, akasimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, akarudi ndani, akasema, "Nifundishe."

Riyadhi alikaa Bukoba wiki tatu, na alipoondoka alimwachia kompyuta kuukuu yenye programu ile ya kujifunzia, lakini kompyuta ile ilikuwa inazimika kila betri inapochoka, kwa hiyo Joviana aliendelea kujifunza kwa namna yake, alikata maboksi ya sabuni yakawa vipande, akaandika juu ya kila kipande kazi yake, akaviunganisha kwa kamba za mgomba juu ya meza ya kulia chakula, na kwa muda wa miezi mitano mezani pale hapakuliwa chakula. Ta Avit aliyehamishwa na madaftari yake alipouliza watakula wapi, aliambiwa, "Kula huko, hapa kuna moyo." Aliwaeleza watoto wake kwamba ufundi wote wa michoro ile upo kwenye jambo moja, kwamba kisanduku hakianzi kazi mpaka kila waya unaoingia umekiletea kitu chake, kama vile mpishi asivyoweza kuinjika ebitoke mpaka ndizi, maji na kuni vifike jikoni, na kikishamaliza hakimngoji mtu, kinampa wa mbele yake. Evelyne, akiwa na miaka kumi na miwili, alisimama upande mmoja wa meza akiwa mapigo ya moyo, Annastella aliyekuwa na sita akawa mvua, akapewa sufuria na mwiko, na majirani wa Hamugembe mliopo hapa mnakumbuka, kwa kuwa mlikuja kuuliza kuna nini.

Kufikia katikati ya mwaka 2012 alikuwa ametoboa pembe ya mbao ya mkunga, akaingiza ndani yake kinasa sauti kidogo alichokitoa kwenye simu iliyokufa, na waya ukatoka pale kwenda kwenye kompyuta, ambako mchoro wake wa visanduku kumi na saba ulikuwa ukiipokea sauti, ukiikuza, ukiitoa mvua, ukiutoa mnguno wa tumbo, ukihesabu kilichobaki, na kuandika kwa tarakimu kubwa za kijani idadi ya mapigo kwa dakika. Tarehe 8 Januari 2013 alipanda gari asubuhi kwenda Muleba na kumtafuta muuguzi mkunga Mastura, mzaliwa wa Bukoba mjini, aliyekuwa msimamizi wa zahanati moja upande wa Kishanda, mwanamke anayejulikana kwa kutocheka kazini.

"Ma Joviana," Mastura alimwambia baada ya kumsikiliza mpaka mwisho, "yaani umekuja na mashine ya kahawa unipimie mimba?"

"Nimekuja na sikio lisilosikia mvua."

"Nani amekuruhusu?"

"Bado."

"Basi kaa hapa tuandike barua."

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, kwa barua, na barua ile ilizunguka miezi kumi na minne kutoka ofisi hadi ofisi, ikirudi ikidai muhuri, ikirudi ikidai jopo la wataalamu wa maadili, ikirudi ikidai fundi huyu aeleze yeye ni daktari wa nini, na kila iliporudi wawili hawa waliijibu, mpaka ruhusa ikatoka kwamba kifaa kijaribiwe pembeni ya vipimo vya kawaida, kwa akina mama watakaokubali wenyewe, na bila uamuzi wowote wa matibabu kutegemea kifaa peke yake.

Siku ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2014, kifaa kiliwekwa mbele ya madaktari, na marehemu alisisitiza tusome jambo hili kama lilivyokuwa. Kilishindwa. Mama wa kwanza alipopimwa, tarakimu za kijani ziliandika themanini na nane, idadi ambayo kwa mtoto aliye tumboni ni ya hatari, watu wakaanza kukimbilia machela, Mastura akainama na pembe ya kawaida akahesabu mia moja na arobaini, kisha akashika kifundo cha mkono wa mzazi akahesabu themanini na nane. Kifaa kilikuwa kimesikiliza moyo wa mama. Daktari mmoja alimwambia bila ukali, "Mama, hiki chako siku moja kitampeleka kisuni mtu asiye na tatizo," na Joviana akafunga kompyuta, akashukuru, akaondoka. Ta Avit alikwenda stendi ya Bukoba kumpokea akiwa ameandaa maneno ya kumfariji, lakini mkewe aliteremka kwenye gari akiwa anacheka, akamshika bega, akasema, "Nimelipata kosa! Nilikuwa nimelitafuta mwaka mzima sijui liko wapi, leo limejileta lenyewe mbele ya madaktari sita!" na yale maneno ya faraja Ta Avit anayo hadi leo, hayajatumika.

Alichofanya ni kuongeza kihisi cha pili, kibanio kinachobana kidole cha mzazi na kusoma mapigo yake mwenyewe kwa mwanga mwekundu, kisha kwenye mchoro akaongeza visanduku vitano vinavyoyalinganisha mapigo ya kidoleni na ya tumboni, yakienda sawasawa taa ya njano inawaka kumwambia mkunga kwamba anamsikiliza mama, asogeze pembe, yakitofautiana taa inazima na tarakimu zinasomeka. Ni jambo jepesi kulisema. Lilimchukua miezi minane.

Siku ya Alhamisi, tarehe 16 Aprili 2015, Joviana alikuwa amekwenda kule zahanati kubadilisha betri tu. Saa nane mchana alifika binti wa miaka kumi na tisa, Verdiana, mimba yake ya kwanza, ameshikwa na mama mkwe wake, na hawajamaliza kumlaza mvua ikafika. Umeme ukakatika. Mastura aliinama na pembe ya kawaida, akainuka, akamtazama Joviana, wakaleta kifaa. Mia moja arobaini na mbili. Mia moja thelathini na nane. Uchungu ukaja, tarakimu zikashuka hadi mia moja na kumi, uchungu ukapita, zikapanda, wote wakapumua. Uchungu wa pili ukaja, zikashuka hadi tisini na sita, uchungu ukapita, na zisipande.

"Huyo ni mama," Mastura akasema, "sogeza pembe."

"Taa imezima, Mastura. Mama yuko mia moja na kumi na nane, angalia kidoleni. Huyo wa tisini na sita ni mtoto."

"Una hakika?"

"Mimi nina hakika na waya. Mkunga ni wewe."

Mastura alifunga macho kwa muda wa pumzi moja, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye mkono wa Verdiana, akahesabu kwa saa yake, akapata mia moja na kumi na nane, akafumbua macho, na kutoka hapo hakuna aliyekaa. Walimlaza Verdiana ubavu wa kushoto, wakamtundikia maji, wakapiga simu hospitali ya wilaya, gari la wagonjwa likatoka na kukwama kwenye matope bondeni, mama mkwe akakimbia barabarani mvuani, kitenge kichwani, akasimamisha pikapu iliyobeba kahawa, akamwambia dereva, "Shusha magunia au nikushushe wewe," na magunia yakashushwa. Joviana alipanda nyuma pamoja nao, chini ya turubai, kompyuta mapajani, pembe ameishikilia kwa mkono wake mwenyewe tumboni kwa Verdiana katika kila shimo la barabara, akipiga kelele tarakimu ili Mastura asikie, tisini na nane, mia moja na nne, tisini, themanini na sita, na Mastura akizirudia kwenye simu kwa daktari aliyekuwa anamngoja, kwa hiyo walipofika chumba cha upasuaji kilikuwa wazi na watu wamenawa mikono. Daktari alikipima upya kila kitu kwa vifaa vyake, akakuta ni hivyo hivyo, akaingia. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Saa kumi na dakika ishirini jioni mtoto wa kike alilia, na wote waliokuwa kwenye varanda ile wanasema Joviana alilia kwa sauti kubwa kuliko mtoto, kisha akaanza kucheka, akamkumbatia dereva wa pikapu asiyemjua jina, na katika shangwe ile alisahau kuizima programu, ikaendelea kunasa mpaka betri ikaisha.

Ukoo ulitaka mtoto aitwe Joviana, mwenyewe akakataa, akasema aliyeamua ni Mastura, ukatokea ubishi mtamu uliochukua siku nane, na Baba Paroko wa wakati ule akabatiza mtoto kwa jina la Joviana, nyumbani wakamwita Mastura, na hivi sasa Joviana Mastura yuko darasa la nne, afya tele, ingawa walimu wake wanatuambia hesabu haipendi kabisa.

Tangu siku hiyo kazi ilikimbia. Kifaa kilirudi kwenye majopo, kikapimwa kwa akina mama mia tatu na sita, kikarekebishwa, kompyuta ikaondolewa na mchoro wote ukahamishiwa kwenye kisanduku kidogo kinachoingia mfukoni mwa koti la muuguzi, na kufikia mwaka jana kilikuwa kinatumika katika zahanati kumi na mbili za Muleba na Bukoba Vijijini. Tetemeko la Septemba 2016 lilipopasua kuta za nyumba yao Hamugembe, marehemu alitoka nje na kompyuta kwanza, akarudi kuchukua viatu, na Ta Avit, aliyekuwa chumbani, amekuwa akilikumbushia jambo hilo kila mwaka. Mwaka 2018 aliacha kazi kiwandani, akafungua darasa la Jumamosi katika ukumbi wa parokia, ambamo wasichana hamsini na wanne wamejifunza kuchora programu za vihisi kwa kuanza na vipande vya maboksi na kamba za mgomba kabla ya kugusa kompyuta, na kati yao mmoja amechora inayopima unyevu wa kahawa kwenye vichanja, mwingine inayosikiliza pampu ya maji ya kijiji, na Annastella, binti yake, ambaye zamani alikuwa mvua, anasomea uhandisi wa vifaa tiba mwaka wa tatu. Aliagiza pia isemwe wazi kwamba kifaa hakikuokoa kila mtoto, wapo watano ambao tarakimu zilionekana na gari halikufika, na majina ya mama zao aliyaweka ndani ya kitabu chake cha sala na kuyasoma kila Jumapili.

Alianza kusikia maumivu ya tumbo mwezi Agosti 2024, akapimwa hospitali ya mkoa hapa Bukoba, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, na tarehe 3 Oktoba 2024 akaambiwa kuwa ni saratani ya tumbo. Aliuliza maswali kama fundi, akataka aonyeshwe picha, akasema sawa, akaanza dawa, akarudi darasani kwake kati ya sindano na sindano, na siku ambazo hakuweza kusimama wasichana walikuja kumzunguka kitandani Hamugembe na kutandika maboksi yao juu ya shuka. Hali ilibadilika mwishoni mwa Oktoba mwaka huu, na siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameshika mkono wa Ta Avit na baada ya kupokea sakramenti zote, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, na mjukuu mmoja, mtoto wa Evelyne, aliyezaliwa Februari, siku ya mvua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na wa Mwanza waliomtunza kwa mwaka mzima na kuvumilia maswali yake, Baba Paroko na jumuiya ndogondogo ya Hamugembe waliosali nasi kila jioni, majirani walioleta kuni, ndizi na mikono yao, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda, waliozima mashine zote leo saa sita kwa dakika tano, mhandisi Riyadhi aliyesafiri kutoka Dar es Salaam na yupo hapa, na wale tutakaosahau kuwataja mtusamehe, si kwa kupenda.

Mtaona kwamba kiti tulichomwekea Mastura kiko wazi. Alikuwa ameshavaa kuja, akafika mpaka barabarani, wakamwita nyuma kwa kuwa wamefika akina mama wawili kwa pamoja na mwenzake yuko likizo, kwa hiyo ametuma ujumbe kwa simu ya Evelyne saa nne na nusu asubuhi, tunausoma kama ulivyo: "Mwambieni shoga yangu anisamehe, siwezi kuja kumzika, nina mmoja wa mia moja arobaini na nne na mwingine wa mia moja hamsini na moja, taa zote zimezima." Na wakati tunasimama kuanza kusoma, umeingia mwingine: "Wa kwanza ametoka. Wa kiume. Analia vizuri."

Wakola, Joviana, asante. Kazi inaendelea, wewe pumzika sasa kwa amani ya Bwana.